Melkiori na Ngozi ya Nyati

Vijana wangu mnaoanza kazi ya uaskari wa wanyamapori, juzi mlipopita hapa Rusimbi kunisabahi mliniuliza lile swali ambalo kila kijana huniuliza: "Mzee, umeua nyati wangapi?" Nikajifanya nimepaliwa na chai, maana mke wangu alikuwa anasikiliza, na yeye huwa ana hesabu zake tofauti na zangu. Leo nimekaa peke yangu barazani, magoti yametulia, niwajibu vizuri.

Nyati si wa kumwogopa sana. Ana hasira, lakini hasira yake ina kanuni, na kanuni hujifunzwa. Wa kumwogopa porini ni rafiki yako, yule mliyeondoka naye nyumbani mkicheka, bila kuulizana kila mmoja anafuata nini huko mwendako.

Ninyi mna simu zinazowaonyesha mlipo. Sisi tulikuwa na soksi. Msicheke. Soksi kuukuu, ndani yake majivu yaliyochekechwa vizuri, imefungwa kwa uzi. Ukiitikisa, majivu yanatoka kama moshi mwembamba, unaona upepo unakwenda wapi. Yakikurudia usoni, mshukuru Mungu, mnyama hakunusi. Yakielekea kwa mnyama, rudi nyumbani ukalime. Soksi hiyo nilipewa na Mzee Ruhaga, askari wa zamani aliyenifundisha kazi. Mzee Ruhaga alikuwa hasemi sana, na akisema, alikuwa anaisemesha ardhi zaidi kuliko watu.

Siku ya kwanza aliponiachia niongoze, nilitambaa kwa tumbo asubuhi nzima kumfuata nyati mweusi aliyesimama kwenye majani marefu. Upepo mzuri, majivu yananijaa puani kama inavyotakiwa. Nilipofika karibu nikainua kichwa taratibu, nikakutana macho kwa macho na mwanamke aliyechuchumaa na kibuyu cha maziwa.

"Karibu, baba," akaniambia. "Umeangusha nini huko chini?"

Nyati wangu alikuwa ng'ombe wake, anakamuliwa. Mzee Ruhaga alikuwa amekaa juu ya kichuguu tangu mwanzo, anatazama. Hakunigombeza. Alisema tu, "Upepo umeujua. Sasa bado nyati."

Basi, nyati nilimjua baadaye. Rafiki ndiye alinichukua muda zaidi.

Ilikuwa miaka ile wakimbizi wanaingia Kigoma kwa makundi, wengine kwa miguu, wengine kwa mitumbwi hadi Kagunga, na kutoka hapo kwa meli mpaka mjini. Watu waliongezeka, mashamba yakasogea, wanyama nao wakasogea, na kila aliposogea mmoja alikuta mwenzake amesogea kabla yake. Sisi mabwana nyama, kama tulivyoitwa, tukawa hatulali. Leo ngedere huku, kesho kiboko kule.

Bunduki yangu ilivunjika kitako nilipoteleza nikishuka kwenye boti pale Kibirizi. Nikaambiwa Ujiji kuna fundi seremala Mrundi, wa wakimbizi wa zamani, ana kibali cha kutoka kambini kufanya kazi, anatengeneza madawati ya shule. Ndivyo nilivyokutana na Melkiori. Mtu mrefu, mabega kama mlango, sauti ya taratibu. Alikichukua kitako kile, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio.

"Mbao hii imekufa zamani," akasema. "Hailii."

"Ni bunduki, fundi. Haitakiwi kulia hapo."

"Kila kitu hulia, *mugenzi*," akajibu. Mugenzi kwa Kirundi ni mwenzako, mtu mnayekwenda naye, na kwetu Waha vilevile. Kuanzia siku hiyo hakuniita jina jingine.

Alinichongea kitako kipya kizuri hata nikaona haya kukishika kwa mikono michafu. Tukawa marafiki. Jioni nikitoka kazini nampitia, tunakula ugali wa muhogo na samaki wetu wa ziwani, mgebuka, wa mawese, tunabishana kama Waha walijifunza kusema kwa Warundi au Warundi kwa Waha. Ndipo nilipojua kwamba useremala ulikuwa riziki tu. Kwao Melkiori alikuwa mpiga ngoma na mtengeneza ngoma, kama baba yake. Na binti yake wa pekee, Esperansia, alikuwa amechumbiwa kule kambini.

"Gogo la ngoma nimeshalichimba," akaniambia. "Limekaa pale nyuma ya madawati. Tatizo ngozi. Nimepata ngozi za ng'ombe mara mbili, na mara mbili wachunaji wa machinjioni wamezichana kama watu wanaofungua bahasha."

Mimi nikasikia tu, kama mtu anavyosikia shida ya rafiki. Sikutega sikio vizuri. Hapo ndipo kosa lilipo, vijana.

Baada ya muda ikaja habari kutoka kijiji kimoja kusini mwa Ujiji, karibu na pale Malagarasi inapoingia ziwani. Nyati dume, mzee, ametengwa na kundi lake, amehamia mashambani. Anakula mahindi, analala kwenye muhogo, na amemjeruhi mguu mtu aliyekuwa akienda kuchota maji. Nilikuwa nimeshakwenda mara mbili nikarudi mikono mitupu. Mkuu wangu wa kazi, mtu wa Singida, mpole lakini mwenye kumbukumbu, aliniita ofisini.

"Yusufu, ukirudi tena bila mkia na pembe za huyo mnyama, nitakuweka getini ufungulie magari. Nyama na vilivyobaki ni vya kijiji. Nenda."

Melkiori aliposikia, aliacha randa juu ya benchi. "Twende wote."

"Wewe utafanya nini?"

"Nitakubebea vitu."

Nikafurahi! Nilifikiri rafiki ananionea huruma. Tulipopakia boti asubuhi, mimi nilikuwa na bunduki, risasi, soksi yangu na sufuria. Yeye alikuwa na mfuko wa chumvi mzito kama mtoto, visu vitatu vilivyonolewa mpaka vinaogopesha, kamba, na furushi la mambo, vile vijiti vyenye ncha vya kuwambia ngozi.

"Chumvi yote hii ya nini?" nikamuuliza tukiwa katikati ya maji.

"Ya mboga," akasema, akageuka kutazama milima ya Kongo.

Tulipofika, kijiji kizima kilikuwa ufukweni, kila mama na beseni lake. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Zainabu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita feri. Kabla sijamaliza kuitikia salamu, Melkiori akasonga mbele, akavua kofia.

"Shikamoo mama. Nyama yote ni yenu. Mimi naomba ngozi tu."

 Mama Zainabu akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Ngozi? Ngozi si takataka hapa, baba. Ukiibabua ukaichemsha na mawese, ni mboga ya siku ngapi hiyo! Nyati amekula mahindi yetu, sisi tule mpaka viatu vyake."

Mabishano yakaanza, na kila mtu alikuwa na la kusema. Mzee mmoja akataka utumbo ugawiwe kwa ukoo, mwingine akasema ulimi ni wa mwenye shamba. Nami nimesimama na bunduki yangu, na kutoka upande wa mashamba tunamsikia mnyama mwenyewe anavunja mahindi, kra, kra, hana habari kwamba tumeshamgawana.

"Jamani," nikasema, "tutazungumza akishakufa."

Hapo nikamvuta Melkiori pembeni. "Ulikuja kwa ajili ya ngozi?"

"Na wewe ulikuja kwa ajili ya nini?"

"Kazi!"

"Basi kila mtu na kazi yake, mugenzi. Porini tunagawana njia tu."

Tukaingia shambani, mimi mbele, yeye nyuma. Nikatikisa soksi, majivu yakanirudia. Kinyesi kilikuwa kibichi, kinatoa mvuke. Niwaambie jambo, na mlishike: nyati mzee hakimbii mbali. Anazunguka, anarudi kukaa kando ya njia aliyopita, anakungoja. Kwa hiyo tazama pembeni kuliko mbele. Na tazama ndege, wale wanaokula kupe mgongoni mwake. Ndege wakiruka ghafla, amekujua.

Tulimkuta amesimama penye kivuli cha michikichi, ubavu wote uko wazi. Bega hilo hapo. Nikainua bunduki. Nikasikia pumzi sikioni.

"Utampiga wapi?"

"Begani. Nyamaza."

"Begani!" Alinong'ona kwa uchungu kama mtu aliyetukanwa. "Hapo ndipo ngozi ilipo pana! Hapo ndipo panapopigwa! Mpige jicho."

"Jicho ni dogo kama njugu!"

"Basi mpige mdomoni."

"Melkiori!"

Ndege wakaruka wote kwa pamoja. Nyati akageuza kichwa, akatutazama kwa dharau, akaingia kwenye matete kama mtu anayefunga mlango.

 Tukazunguka na upepo, jua likapanda, jasho linaingia machoni. Mzee Ruhaga alinifundisha kwamba ukiwa na hasira usishike bunduki, keti kwanza, kula kitu. Tukaketi, tukala viazi vya kuchoma. Melkiori akaniomba radhi, akaapa kwa jina la mama yake kwamba hatasema neno tena. Na kweli, hakusema neno.

Mara ya pili tulimkuta karibu na mkuyu mkubwa, mzee, wenye uwazi ndani yake. Alikuwa ametuelekezea ubavu wa kushoto. Nikalenga. Nikavuta pumzi. Kidole kikasikia chuma. Na mkono wa Melkiori ukashika mtutu wa bunduki, polepole, kwa heshima kabisa, ukausogeza juu.

Nikamtazama. Hakusema neno, kama alivyoapa. Alinionyesha kwa ishara: ubavu ule ulikuwa na kovu refu, labda la simba, labda la nyati mwenzake. Akazungusha kidole hewani. Alikuwa ananiomba nisubiri mnyama ageuke upande mzuri.

Mnyama akageuka. Aligeuka kutuelekea sisi, na alikuja.

Vijana, kitabu kinasema mkabili nyati kwa utulivu. Aliyeandika kitabu hakuwa na rafiki aliyeshika mtutu wake. Bunduki ilianguka, na sisi tulipanda mkuyu ule kwa namna ambayo mpaka leo siwezi kuieleza, maana tawi la chini lilikuwa juu kuliko urefu wangu. Nilipopata fahamu nilikuwa nimekumbatia tawi, kiatu kimoja sina. Chini, nyati ananusa bunduki yangu, anaipiga piga kwa pembe. Nikaona kitako changu kizuri kinakwaruzwa.

Nikamgeukia Melkiori niseme maneno ambayo hayafai kuandikwa. Nikamkuta amelala juu ya tawi, kidevu mkononi, anatazama chini kama mtu aliyeko dirishani.

"Lakini tazama mgongo ule," akasema. "Hauna hata kovu. Yoo! Mgongo kama meza."

Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kijiji hakikuwa mbali, lakini upepo wangu mzuri niliokuwa naufurahia sasa ulikuwa unapeleka sauti upande wa porini. Melkiori akagonga shina la mkuyu kwa kifundo, akaweka sikio, kama alivyofanya kwa bunduki yangu. Akatoa mfukoni viwili vya vile vijiti vyake vya kuwambia ngozi, akaanza kupiga.

Sijui niwaelezeje. Mti ule ulikuwa mtupu ndani, na ulilia. Alianza polepole, halafu mikono ikapokezana, mmoja unauliza, mwingine unajibu, tawi nililokaa linatetemeka mpaka kwenye meno yangu. Nyati mwenyewe akarudi nyuma hatua chache, akasimama, masikio yanacheza.

Kijiji kikasikia, na kikaelewa vibaya.

Walidhani ndiyo ishara kwamba mnyama ameanguka! Nikawaona wanatokea kwenye mahindi, Mama Zainabu mbele, mabeseni kichwani, visu mikononi, wanaimba na kupiga vigelegele, wanakuja moja kwa moja kwa nyati aliye hai mwenye hasira.  Nikapunga mkono, "Rudini! Bado! Bado hajafa!" Nao, kwa furaha, wakanipungia.

Nyati akawageukia. Akainamisha kichwa.

Hapo sikufikiri. Niliachia tawi. Nilianguka kama gunia, nikatambaa, nikaikamata bunduki, na wakati huo huo Mama Zainabu akamwona mnyama. Sauti aliyoitoa ilisikika Ujiji, naamini. Mabeseni yote yakaanguka kwa pamoja, ya bati na ya aluminiamu, jua likayapiga, yakawaka, yakabingirika yakilia huku na huku. Nyati yule alikuwa amepambana na simba, lakini beseni hakuwahi kupambana nalo. Akaruka pembeni, akatimka kuelekea mtoni, akaingia kwenye tope la matete, akazama mpaka shingoni.

Nikamfuata, nachechemea kwa kiatu kimoja. Mwili wote ulikuwa ndani ya tope. Kilichobaki juu ni kichwa. Na kutoka juu ya mkuyu nikasikia sauti ikinihimiza: "Kichwa! Mugenzi, kichwa!"

Pa kupiga pengine hapakuwepo. Nikapiga kichwa, risasi moja, akatulia. Mpaka leo Melkiori husimulia kwamba nilimpiga kichwa kwa sababu ya mapenzi yangu kwake.

Kumtoa topeni kulikuwa kazi nyingine. Kijiji kizima kilivuta kamba za mitumbwi, na Melkiori alikuwa mbio mbele yao akitandika majani ya michikichi ardhini. "Msimburute! Anakwaruzika! Mbebeni!" Mzee mmoja akamuuliza kama huyu nyati ni marehemu wa ukoo wake.

Kisha alichuna mwenyewe, hakumruhusu mtu. Tulisimama kumtazama. Kisu hakikugusa ngozi hata mara moja pasipotakiwa, na ngozi ikatandazwa kwenye majani, nyeusi, pana, nzima. Mama Zainabu akaiona, akaja na kisu chake.

"Sasa amekufa," akasema. "Tuzungumze."

Melkiori alikuwa amepiga magoti, mikono imejaa damu na chumvi. Hakubishana kama asubuhi. Alisema kwa sauti ile ya taratibu:

"Tulipokimbia kwetu, nilikuwa na mikono miwili tu, mama. Ngoma ya baba yangu ilikuwa nzito, na mtoto alikuwa hajaweza kutembea. Nikabeba mtoto. Sijuti, nilichagua vizuri. Lakini mtoto huyo sasa anaolewa. Nimtoe kwa kupiga madebe?"

 Kina mama wengine walitazama miguu yao. Katika kijiji kile kulikuwa na wengi waliopokea watu kutoka kwenye mitumbwi miaka ile, wakawapa kanga zao. Mama Zainabu akaizunguka ngozi, akaipima kwa hatua, upande huu, upande ule.

"Ngoma moja inakula ngozi kiasi gani?"

Melkiori akamwonyesha.

"Basi hapa zipo mbili," akasema Mama Zainabu. "Moja ya bibi harusi. Moja ya kijiji, utuchongee wewe. Na ngozi ya miguu na ya kichwa tunachemsha, usituletee maneno."

Mimi nikarudi na mkia na pembe. Mkuu wangu akaridhika, akauliza mbona kitako cha bunduki kimekwaruzika na kiatu kimoja kiko wapi. Nikamwambia ni mazingira ya kazi.

Harusi ya Esperansia nilialikwa, na nilikwenda na mke wangu. Nimesikia ngoma nyingi maishani, lakini siku ile Melkiori alipoiinua mikono na kupiga pigo la kwanza, kambi yote iliacha kazi. Watu walitoka kwenye mahema wamesimama tu. Wazee waliovuka ziwa bila kutoa chozi walikuwa wanalia wazi, halafu wakaanza kuruka, wazee wale wale, juu kabisa, vumbi likatimka. Bibi harusi aliacha viti vya heshima akaja kusimama mbele ya baba yake, akacheza mpaka shela likaanguka. Melkiori aliponiona kwenye umati alinionyesha ngozi kwa kijiti, kisha akanionyesha kichwa chake, akacheka.

Ngoma ya kijiji nayo ikapelekwa kwa boti. Na tangu hapo, kijiji kile hakikutuita tena. Msimu ukapita, ukapita mwingine. Mkuu wangu akashangaa, akanituma nikatazame kama wamehama.

Nilimkuta Mama Zainabu anapalilia mahindi, marefu, mazima.

"Nyati hawaji siku hizi?"

"Wanakuja. Wakiingia tu, tunapiga ngoma, wanavuka mto. Viboko pia. Unataka chai?"

Niliporudi nikamweleza mkuu wangu kwamba nimewapa wananchi mafunzo ya kujilinda. Alinipongeza mbele ya wenzangu, na mimi sikumkatiza.

Jioni nikampitia Melkiori Ujiji nimpe habari njema. Nilidhani atafurahi. Aliacha kula, akanitazama kama siku ile niliposema begani.

"Ngoma yangu? Wanafukuzia wanyama?"

"Inafanya kazi, ndugu yangu! Nyati wakiisikia wanakimbia."

Akatikisa kichwa.

"Basi hawajui kuipiga," akasema. "Ikipigwa vizuri, wangekuja kucheza."

Asubuhi yake alipanda boti kwenda kuwafundisha. Alinibembeleza tufuatane, lakini safari hiyo nilimuuliza kwanza anafuata nini huko, akanijibu: kuwaona nyati wakicheza. Nikabaki nyumbani.